Umehongwa kigari: kisa cha kiitikio kilichoandikwa mara nne

Usuli

Wimbo ulifika kwenye redio moja ya mkoani, Tanzania bara, kwa WhatsApp kama wanavyotuma wasanii wengi wasio na meneja: faili moja la MP3 na ujumbe wa sauti wa kuomba upigwe. Mwimbaji alikuwa kijana aliyeanza kusikika kwenye baa na sherehe za mji ule. Mdundo wake mapigo 104 kwa dakika, urefu dakika 3 na sekunde 24, ubeti wa kwanza na wa pili, na kiitikio kinachorudi mara nne ukihesabu kile kinachofungia wimbo.

Majina, mji na jina la wimbo tumeyaondoa. Maneno ya wimbo yaliyomo humu yametungwa upya kwa kufuata mizani, vina na vitenzi vya asili, na kazi ya mwanamke anayetajwa imebadilishwa. Sababu ya tahadhari hiyo itaonekana kuelekea mwisho.

Wahusika ni watano: msanii, prodyuza mwenye studio, mkuu wa muziki wa redio, mtangazaji wa kike wa kipindi cha jioni, na msanii wa kike aliyeingia baadaye kwa kolabo. Mkuu wa muziki alikuwa na hofu yake, na haikuwa ya bure. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza orodha ya nyimbo zisizotakiwa kupigwa hewani baada ya BASATA, baraza la sanaa la taifa, kuona zimekiuka maadili, na tangu hapo vituo vingi vidogo hukagua nyimbo kwa jicho la kutafuta neno litakaloleta faini. Ukaguzi wa namna hiyo hukamata tusi. Wazo lililovaa lugha safi hulipita mlangoni na kulisalimia.

Wimbo ulivyokuwa

Kiitikio kilikwenda hivi:

*Nimekutoa shamba, nimekuleta mjini,*
*Nimekuvisha nguo, umesahau ni nani,*
*Umehongwa kigari, umegeuka shetani,*
*Mwanamke ni pesa, penzi ni la vitabuni.*

Mizani ni saba kwa nane, kina cha mwisho ni *-ni* mistari yote minne. Kimetulia. Unakisikia mara moja, mara ya pili unakiimba, na hapo ndipo penye kazi: mtunzi alikuwa na kipaji, na kila lililofuata lilibidi lilinde kipaji hicho.

Ubeti wa pili ulikuwa na mstari huu: *Ulikuja na haya, umeondoka malaya.*

Mkuu wa muziki alikata shauri ndani ya nusu saa. Neno moja liondoke, wimbo uingie.

Raundi ya kwanza: kuziba neno

Prodyuza alitoa toleo la redio kwa njia ya haraka: akafungua faili la sauti ya mwimbaji peke yake, akanyamazisha silabi tatu za neno lile, mdundo ukaendelea chini. Kazi ya dakika kumi. Wimbo ukapigwa siku tatu.

Siku ya nne mtangazaji wa jioni alipokea simu ya mama mmoja. Watoto wa mtaani kwake walikuwa wanaimba mstari ule, na pale penye kimya walikuwa wanapiga kelele neno lenyewe kwa pamoja. Hakuna aliyewafundisha. Nusu ya kwanza ya mstari inaishia na *haya*. Nusu ya pili ina pengo la silabi tatu linalodai *-aya*. Na mada ni mwanamke aliyeondoka. Ukimwachia Mswahili pengo la namna hiyo umempa fumbo, na mtoto aliyekulia kwenye vitendawili hakosi jibu. Kuziba neno lililokaa kwenye kina ni kulipigia mstari.

Bipu ingeleta matokeo yale yale kwa kelele zaidi. Kugeuza neno lichezwe kinyumenyume, mbinu nyingine ya studio, huficha sauti lakini haifichi kina. Dawa ya pale ilikuwa kuandika neno jingine lenye mizani na kina kile kile, na hatimaye ndivyo ilivyofanyika: *Ulikuja na haya, umeondoka vibaya.* Nane zimetimia, kina kipo, na *vibaya* inaeleza namna ya kuondoka badala ya kumpa jina aliyeondoka. Mwimbaji akarekodi mstari mmoja upya, ukapachikwa. Mkuu wa muziki akadhani wamemaliza.

Raundi ya pili: ua

Mtangazaji hakukubali. Hoja yake aliiweka kwa hesabu. Mstari wa ubeti wa pili unasikika mara moja kwa kila wimbo unavyopigwa. *Mwanamke ni pesa* inasikika mara nne. Wimbo ukipigwa mara tatu kwa siku, neno lililowatoa jasho linasikika mara tatu, na sentensi inayowahukumu wanawake wote inasikika mara kumi na mbili, tena kwenye kipande ambacho watu huimba.

Msanii, ambaye hakuwa mbishi, akasema basi atamsifu mwanamke. Kesho yake akaleta mstari wa nne mpya:

*Mwanamke ni ua, pambo la kwetu nyumbani.*

Redio ikafurahi, prodyuza akafurahi. Ni suluhisho ambalo nyimbo nyingi za miaka hii hulikimbilia: malkia, ua, asali, sukari, lulu. Mtangazaji aliomba jambo moja tu kabla toleo hilo halijatoka, na ndilo lililobadili mkondo wa kisa: kikao cha kusikiliza.

Kikao cha kusikiliza

Walikusanywa watu 15 wa mtaa, wanawake 8 na wanaume 7, wa umri wa kuanzia miaka 18 hadi hamsini na kitu. Taratibu zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na sababu.

Wanawake walikaa chumba chao kwanza, wanaume chao, kisha wote wakakutana. Mkianza pamoja kwenye wimbo wa namna hii wanawake hucheka, na kicheko kile hakimwambii mwendeshaji kitu. Ni cha kumaliza mambo.

Wimbo ulipigwa mara mbili. Swali la "mmeupenda?" halikuulizwa, kwa kuwa kila mtu anajua jibu la adabu. Swali lilikuwa: *nani amefanya nini kwenye wimbo huu?* Majibu yaliandikwa ubaoni safu mbili, yeye mwanamume na yeye mwanamke, vitenzi vitupu.

Mwisho, baada ya dakika kumi za chai, kila mmoja akaandika mstari mmoja anaoukumbuka.

Ubao ulisema kila kitu. Upande wa mwanamume: *nimekutoa, nimekuleta, nimekuvisha.* Upande wa mwanamke: *umesahau, umehongwa, umegeuka.* Yeye anatenda mara tatu na mara zote tatu mwanamke ndiye *-ku-* anayetendwa. Mwanamke akipata kitenzi chake, cha kwanza ni kosa la akili, cha pili ni cha kutendwa na mwanamume mwingine, cha tatu ni kugeuka shetani. Na mstari mpya wa sifa? Hauna kitenzi cha kutenda hata kimoja. *Ni ua, pambo.* Ua halitendi, ua linawekwa.

Mama mmoja wa makamo alimaliza mjadala wa chumba cha wanawake kwa swali: "Hilo ua ni lipi, la bustanini au la kuzungushia nyumba?" Msanii alipoambiwa swali hilo baadaye alicheka, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeutetea mstari ule.

Chumba cha wanaume kilitoa kitu kingine ambacho hakikutarajiwa. Walipofika kwenye *kigari* walibishana muda mrefu kuliko mstari wowote: gari gani, la nani, kwa nini *ki-*. Kijana mmoja akasema mwenye wimbo "anamwonea gere jamaa mwenye gari." Alikuwa sahihi. Kiambishi kile cha kudogosha kinamlenga mwanamume wa pili, yule mwenye uwezo. Mwanamke yuko katikati kama kikombe cha mashindano. Wimbo wa mapenzi ulikuwa ugomvi wa wanaume wawili juu ya nani ana cha kuonyesha.

Raundi ya tatu: kipaza sauti kwa mwanamke

Prodyuza alipendekeza kolabo: ubeti wa pili apewe mwanamke ajibu. Wazo lina mizizi. Majibizano ni ya kwetu, kwenye taarabu, kwenye ngonjera, kwenye mipasho iliyotikisa kumbi za Dar es Salaam miaka ya 1990. Msanii wa kike akaja, akasikiliza, akaandika papo hapo. Mstari uliochoma kuliko yote:

*Suruali tupu, kwangu umeolewa.*

Studio nzima ilishangilia, na ukweli mstari ni mtamu. "Mwanaume suruali" ni tusi linaloeleweka kila kijiwe: uanaume wake umeishia kwenye vazi. Lakini utazame ule msumari wa mwisho. Kiswahili kimeiweka ndoa kwenye kauli mbili: mwanamume *anaoa*, mwanamke *anaolewa*. Kumwambia mwanamume *umeolewa* ni kumchukua kutoka kwenye kitenzi chake na kumkalisha kwenye cha mwanamke. Na aibu yote ya mstari inatokana na kukubaliana kwamba pale anapokaa mwanamke ni mahali pa chini. Mwanamke amepewa kipaza sauti, ametukana vizuri, na kipimo alichotumia ni kile kile cha mwanamume wa ubeti wa kwanza.

Hili si kosa la msanii yule peke yake. Wimbo wa Lady Jaydee wa miaka ya 2000, "Wanaume Kama Mabinti", ulisemwa sana kuwa ni sauti ya mwanamke kuwakosoa wanaume, na ulikuwa hivyo. Jina lake lakini limekwisha kuamua kwamba ubaya wa mwanamume ni kufanana na binti.

Mkuu wa muziki alitaka waishie hapo. Alikuwa na hoja nzuri ya kibiashara: ugomvi huuza. Msanii wa kiume ndiye aliyekataa, kwa sababu iliyomshangaza kila mtu.

Raundi ya nne: kubadili vitenzi

Wakati wa kurekodi kolabo, prodyuza alimuuliza yaliyotokea kweli. Msanii akasimulia kwa dakika kama ishirini. Hakumtoa mtu shamba. Walitoka wilaya moja, wakaingia mjini pamoja, kwa basi moja. Yule dada alikuwa fundi cherehani, akishona hadi usiku. Kodi ya chumba kwa miezi mingi alilipa yeye, na saa za kwanza za studio zililipwa kwa pesa ya magauni. Mtu wa gari hakuwepo. Aliondoka kwa kuchoka.

Sasa swali likawa: *nimekutoa shamba* ilitoka wapi? Msanii hakudanganya kwa makusudi. Alipokaa kuandika wimbo wa kuachwa, sentensi ilikuwa tayari imeshapikwa, ikamjia yenyewe na mizani yake, na maisha yake yakakaa pembeni kuipisha.

Kazi iliyofuata ilifanyika kwenye karatasi, saa mbili, kabla ya kufungua mashine. Utaratibu wao unafaa kuigwa:

Waliandika kiitikio cha zamani kwa nafasi pana, wakazungushia viambishi vya nafsi kwa rangi: *ni-* bluu, *u-* nyekundu, na *-ku-* nyekundu yenye mstari chini. Kisha wakaandika kwa nathari yaliyotokea kweli, sentensi fupi fupi, wakazungushia vivyo hivyo. Kwenye karatasi ya kwanza vitenzi vitatu vya mwanzo vyote vilianza na bluu. Ya pili ilijaa nyekundu, na rangi moja mpya ikahitajika, ya *tu-*. Mwisho wakazirudisha sentensi za karatasi ya pili kwenye mizani saba kwa nane, kina kile kile cha *-ni*, ili sauti ya kiitikio isiguswe kabisa:

*Tulitoka shambani, tukaingia mjini,*
*Ukishona usiku, mimi nikiwa kundini,*
*Kodi ukilipia, sifa zikawa za nani,*
*Umefunga safari, mimi nabaki na nini.*

Ukihesabu vitenzi utaona kilichotokea. Mwanamke sasa anashona, analipia, anafunga safari. Mwanamume *yuko* na *anabaki*: vitenzi vya kukaa, si vya kutenda. Hakuna aliyesifiwa wala aliyetukanwa. Hakuna neno *mwanamke*, na hilo tunaliona kuwa ndilo bora zaidi, kwa kuwa wimbo unaosema *mwanamke ni...* umeshakosea kabla haujafika kwenye nomino inayofuata.

Ubeti wa msanii wa kike ulibaki, bila mstari wa kuolewa. Alijaribu *tulioana* mahali pake, wakaona haikai, wakauacha ubeti umalizike mstari mmoja mapema, gitaa likajaza.

Matokeo

Redio iliupokea na kuupiga mchana na jioni. Msanii alianza kuitwa kwenye kicheni pati na sherehe za wanawake, soko ambalo hakuwa nalo na ambalo hulipa kwa wakati.

Kwa upande mwingine, baa mbili zilizokuwa zikimwita mwisho wa wiki zilipunguza. Wateja walitaka wimbo wa kwanza, ule wa *umeondoka malaya*, na walikuwa nao: MP3 ya kwanza ilikuwa imetumwa kwa watu sita, na faili likishafika kwenye flashi za bodaboda halirudi. Hadi tunaandika haya, matoleo mawili yanaishi sambamba katika mji mmoja, moja hewani na moja barabarani, na la barabarani lina sauti kubwa zaidi. Vijiweni walisema jamaa kalegea.

Uchambuzi: sentensi ilivyopikwa

*Nimekutoa shamba* ni ya zamani kuliko Bongo Fleva. Miji ya kikoloni ilijengwa kwa wanaume waliokuja kufanya kazi. Mwanamke aliyeingia mjini bila mume alitiliwa shaka, na muziki wa dansi ulirithi shaka hiyo. Hadi baada ya uhuru dola yenyewe ilimtazama hivyo: Operesheni Vijana ya TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na waliosumbuliwa barabarani walikuwa wengi wao wasichana. Kwenye nyimbo za zama hizo mwanamke mwema yuko kijijini anasubiri barua, na wa mjini anamaliza mshahara. Kabla redio binafsi hazijaanza katikati ya miaka ya 1990, maneno ya nyimbo yalipitia kamati za Radio Tanzania, na kamati zilikuwa na aibu zao za kuchagua. Mwanzoni mwa miaka hiyo redio ilikataa "Mambo kwa Soksi" ya Remmy Ongala, wimbo uliowaambia wanaume wavae kondomu. Wanaume wangapi wa nyimbo zilizoruhusiwa waliwalaumu wanawake wa mjini, hilo halikuhitaji kamati.

Kisha uchumi ukageuka na mwanamume wa *nimekuvisha* akakosa nguo ya kumvisha mtu. Hapo ndipo lugha ilipochemka. Mwaka 1985 Franco na TPOK Jazz walitoa "Mario", kwa Kilingala, juu ya kijana msomi anayelishwa na mwanamke mwenye fedha aliyemzidi umri. Wimbo ulivuka ziwa na kuacha neno: hadi leo mwanamume anayelelewa na mwanamke anaitwa *marioo*, na wengi wanaolitumia hawajui kama lilikuja na wimbo. Baada yake wakaja *buzi* wa kuchunwa, *pedeshee* aliyelipa bendi ili atajwe jina, *mwanaume suruali*, *kiben ten*. Tazama orodha hiyo: karibu kila jina jipya la mwanamume ni kipimo cha pochi. Nyimbo za kuachwa za sasa zina wanaume wanaolia, na wapo wachambuzi wanaosema huo ni uanaume mpya. Tunasita. Sikiliza analilia nini. Mara nyingi analia kama mwenye duka aliyeibiwa, akitaja bei za vitu kimoja kimoja.

Na kwa upande wa wanawake mkondo haukwenda kutoka giza kwenda nuru. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliimba "Kijiti" juu ya mauaji ya mwanamke na mahakama iliyowaangukia wasiostahili. Mwanamke yule hakuwa ua. Nyimbo za unyago alizozibeba Bi Kidude zilitaja mwili waziwazi kuliko chochote kilichowahi kuzuiwa na BASATA, ila mlango ulifungwa na waliomo ndani walikuwa wanawake, wakiwa ndio wenye vitenzi. Neno lile lile likitoka kwenye spika ya bodaboda ni kitu kingine.

Kilichofanya kazi

Kuhesabu marudio ya kiitikio kabla ya kubishana. Kugawa vyumba. Kuuliza vitenzi. Kati ya mbinu zote, hii ya mwisho ndiyo tungeichukua kwanza, kwa sababu msanii haihisi kama mahubiri; ni sarufi, anaiona kwa macho yake kwa rangi. Na kulinda mizani na kina: kama sauti ya kiitikio ingebadilika, msanii angetetea kazi yake na mazungumzo yangekufa.

Swali la prodyuza, "ilitokea nini kweli?", lilikuja raundi ya nne kwa bahati. Lingeulizwa siku ya kwanza lingeokoa raundi tatu na saa zote za studio zilizolipiwa kati yake.

Kilichoharibika

Faili la kwanza kutumwa kabla ya kusikilizwa na mtu yeyote nje ya studio. Hilo halina maelezo marefu.

La pili ni zito. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa uongo na haukumgusa mtu; *shetani mwenye kigari* ni wa wote. Wimbo wa nne ulikuwa wa kweli, na mji ni mdogo. Wiki ya pili hewani watu wa mtaani walikuwa wanamjua fundi ni nani. Hakuna aliyemuuliza kabla. Watu watano walikaa saa mbili wakimrudishia vitenzi vyake kwenye karatasi, na haikuwapitia akilini kwamba anaweza kupigiwa simu.

Mtangazaji alimtafuta kupitia dada wa msanii. Wote walitarajia ataomba cherehani iondolewe. Hakuomba. Mafundi ni wengi, alisema, hiyo waiache. Alitaka iondoke kodi, kwa sababu nyumbani kwao sasa walikuwa wanauliza pesa zile zilikuwa zinakwenda wapi.

Mstari wa tatu ulirekodiwa upya kwa nusu saa na kunakiliwa kwenye viitikio vyote vinne, na sauti za nyuma nazo: *Mzigo ukibeba, sifa zikawa za nani.* Mizani saba, imekaa. Fundi akaridhika. Prodyuza ndiye aliyegundua wakati wa kusikiliza toleo la mwisho kwamba *mzigo*, kwa lugha ya mtaani, ni pia makalio ya mwanamke, na madijei wa mji ule mpaka leo hupandisha sauti hapo.